Mtu Mzima na Imamu Wake

Jumatatu, 6 Mei
Nimechaguliwa! Mdahalo ni Jumamosi, na mada ni yangu: je, anayemfuata Imamu ameacha kufikiri? Mwanafalsafa mmoja wa Ulaya anasema mtu mzima ni yule anayetumia akili yake bila kushikwa mkono. Sisi Mashia tunafundishwa kwamba Mungu hatuachi bila kiongozi. Nadhani hawa wawili wanaweza kuongea. Kaka, anayeniita Profesa kwa utani, kauliza kama Profesa ameshapata wafuasi. Mpuuzi.

Jumanne, 7 Mei
Mwalimu wa mdahalo amesoma rasimu yangu. Dini niitoe, kasema, tuwafundishe wenzetu kufikiri kwa uhuru. Halafu kanipa hoja zake mwenyewe – nizikariri neno kwa neno! Nikaitikia, ndiyo mwalimu. Nimejichukia njia nzima.

Alhamisi, 9 Mei
Madrasa. Ustadhi ndiye aliyetufundisha kwamba katika misingi ya dini hakuna kumwiga mtu. Uimamu uuamini kwa dalili yako, yaani ushahidi ulioupima mwenyewe, si kwa sababu baba yako anauamini. Na kwamba Mungu katupa hoja mbili: akili ndani, Imamu nje. Basi nikamuuliza: Imamu yuko ghaibu, hatumwoni wala hatumsikii karne zote hizi, tumebaki na akili. Tofauti yetu na mtu asiye na kiongozi ni ipi? Nilitaka jibu kweli. Kasema maswali hayo yataniharibu, nikariri majibu ya kitabuni.

Nikariri! Na yeye!

Ijumaa, 10 Mei
Ustadhi kampigia Baba simu. Baba karudi kutoka kazini, kaenda moja kwa moja mezani kula. Nikajua mdahalo ndio basi. Nikaingia chumbani, nikachana karatasi ya mwalimu. Kitabu cha Ustadhi nimeogopa kukichana.

Baba kabisha hodi. Kakaa ukingoni mwa kitanda, hata sare ya kazi hajavua. Nikangoja kugombezwa.

"Mwanangu, lile swali lako. Mimi jibu nilirithi kwa babu yako, sijawahi kulitafuta. Wewe unaonaje?"

Nikaanza na ya mwalimu. Akatikisa kichwa. Nikahamia ya Ustadhi. Akatikisa tena.

"Hayo nimeyasikia, mama. Nakuuliza wewe."

Nimemwomba aningoje, niandike kwanza. Kuhusu kesho hajasema lolote, niende au nisiende. Yuko hapa, kakunja mikono, anatazama kalamu. Nimeandika "Imamu kwangu ni". Nimekata. Nimeandika tena. Baba kasogea kidogo ili taa inifikie –