Kibaba cha Tele

Jumatatu, 29 Juni 1908

Yunusi kaondoka alfajiri na wapagazi, mchele wetu wote vichwani mwao, kutoka hapa Ifakara kwenda Kilosa. Mume wangu kwa kuaga hajambo! Mguu mmoja nje ndipo ananipa sharti: akirudi akakuta duka halijaingiza faida ya rupia arobaini, tunafunga. Tunarudi Kilwa, tukae kwa kaka yangu mpaka tujipange.

Kwa kaka yangu maana yake kwa wifi. Wifi anayehesabu matonge ya mgeni. Bora nile magugu ya mtoni.

Mwaka wa vita duka lilichomwa. Tukajenga upya. Ikaja njaa, tukabaki. Leo mavuno yamekuja, watu wana mpunga, ndiyo tufunge? Hapana.

Nimebaki na Mama, mama yake Yunusi. Mwenyeji wa Mofu, ana maneno machache na masikio makali. Siku moja atauza yeye na mimi nitakuwa ghalani na mpunga, siku moja nitauza mimi. Kila jioni nitaandika kilichotoka na kilichoingia. Marehemu baba alikuwa akisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Jumanne, 7 Julai

Chumvi inaisha! Gunia la kwanza, lililopaswa kutufikisha Ijumaa, limebaki na chumvi ya chini tu. Nimehesabu hela mara tatu. Chumvi iliyotoka haifanani na hela zilizoingia.

Nani anaiba? Mlango nafunga mwenyewe. Panya hali chumvi.

Jumatano, 8 Julai

Nimemwona mwizi. Mama mkwe!

Nilijibanza ghalani nikachungulia. Kaja Verediana wa Namawala, kapu la mpunga kichwani. Mama kachota kibaba cha chumvi, kakijaza mpaka kimekuwa mlima, kammiminia vivyo hivyo. Kijiti cha kufutia kiko pembeni, hata hakukigusa. Sisi tunanunua mpunga kwa tele, kibaba chenye kilima, na kuuza chumvi kwa mfuto, kibaba kilichosawazishwa ukingoni. Ndivyo alivyofanya baba yangu, ndivyo afanyavyo Seifu ng'ambo ya njia, ndivyo wafanyavyo wenye maduka wote ninaowajua. Ile robo inayofutwa juu ndiyo riziki yetu!

Nilingoja mteja aondoke. Nikasema kwa adabu, Mama, shikamoo, ila hiki kibaba kinafutwa. Akaitikia marahaba. Akasema mwaka wa njaa alikwenda kununua mtama kwa pete ya marehemu mumewe. Wakamjazia kibaba mbele ya macho yake, halafu wakakifuta, na kilichofutwa kikarudi guniani mwao. Alitazama punje zile zikirudi. Akaapa mkono wake hautafuta kibaba cha mtu.

Mkwe humfukuzi barazani. Na pete ile Yunusi hajui ilikwenda wapi.

Lakini arobaini itatoka wapi? Nimelia kidogo. Nimekasirika zaidi.

Ijumaa, 10 Julai

Subhanallah. Ngoja niandike taratibu.

Nilikaa nipige hesabu ya hasara ya Mama, nimwekee Yunusi ushahidi. Nikatenga siku zake na zangu. Kibaba kimoja cha chumvi kinatugharimu hela sita (hela mia ndiyo rupia), na ujira wa wapagazi umo. Tunauza hela kumi. Mimi nikifuta napata nne. Mama akijaza anatoa kibaba na robo, anabakiwa na mbili na nusu. Hasara tupu, ndivyo nilivyodhani.

Kumbe siku yangu navyouza ni vibaba kumi na vinane. Siku yake arobaini na vinne! Yangu: hela sabini na mbili. Yake: mia na kumi.

Nimerudia kwa kokoto sakafuni, maana sikuamini vidole vyangu. Mia na kumi.

Na kaniki! Siku zangu zinatoka moja, au hakuna. Siku zake nne, tano. Mtu aliyefurahia chumvi anapapasa na nguo.

Moyo umetua. Nimecheka peke yangu mpaka Mama akauliza kama nina homa.

Jumamosi, 11 Julai

Nimeamka na shaka. Labda si mlima wa chumvi. Labda ni Mama mwenyewe, watu wanamjua tangu zamani, wanakuja kusalimiana. Au siku zake zimeangukia siku ambazo watu wa Namawala wanakuja kulipa kodi bomani. Nikimwambia Yunusi hivi hivi atanicheka.

Basi nitajaribu. Wiki ijayo nabadilisha siku. Siku tatu nauza mimi kwa mfuto, siku tatu nauza mimi kwa tele. Mama akae ndani. Nimemwambia apumzishe mgongo. Kasema mgongo wake haujalalamika.

Jumamosi, 18 Julai

Majibu haya hapa. Mimi kwa mfuto: vibaba kumi na saba, ishirini, kumi na tano. Mimi kwa tele: ishirini na sita, thelathini na nane, arobaini na tisa!

Siku ya kwanza ya tele hawakujua. Ya pili wamesikia. Ya tatu wamekuja hata watu wa Mofu, wamempita Seifu mlangoni pake bila kugeuka. Si sura ya Mama, maana sura ilikuwa yangu hii iliyokunjamana. Ni mlima.

Verediana kaniambia, "Shangazi, leo umekuwa mtu." Kumbe siku zote nilikuwa nani? Sikumuuliza. Biashara haigombi.

Kuanzia kesho ni tele kila siku. Nimemwambia Mama. Kasema, haya, kana kwamba nimemwambia maji yamechemka.

Jumatatu, 20 Julai

Hesabu ina upande wa pili. Kwa mwendo huu chumvi itakwisha kabla mwezi haujafa, na Yunusi amekwenda na nia ya kununua kaniki. Anazipenda kaniki huyo! Mzigo mwepesi, anasema, na haunyeshewi ukayeyuka. Akirudi na kaniki tupu tumekwisha.

Tarishi wa boma anakwenda Kilosa. Nimempa barua na kuku. Nimeandika: chumvi mizigo kumi, kaniki miwili. Nimeweka na tarakimu zote chini. Sikuweka maneno ya mapenzi, atadhani naomba.

Alhamisi, 30 Julai

Gunia la mwisho. Nauza kibaba kimoja kwa mtu, kilima kile kile, bei ile ile.

Yunusi kimya. Sijui kama barua imefika. Silali vizuri.

Jumatatu, 3 Agosti

Wamefika! Al-hamdu lillahi, wamefika!

Sikumtazama Yunusi, Mungu anisamehe, nilitazama mizigo. Chumvi mizigo kumi na mmoja. Kaniki mmoja tu! Nikakaa chini vumbini mbele ya wapagazi, nikacheka na machozi yakatoka.

Yunusi kasema barua aliisoma mara mbili, akaona mke wake ama amerukwa na akili ama ametajirika. Akaamua yote mawili yanataka chumvi.

Jioni nimemwekea hesabu mbele. Rupia arobaini na tatu. Kazipitia kwa kidole mstari kwa mstari. Kisha kasema Kilwa ingoje. Kesho anatengeneza paa la ghala.

Nalala saa kumi na mbili jioni kama mtoto.

Jumatano, 5 Agosti

Asubuhi kaja mke wa Seifu. Hakukaa. Kasema mumewe ameshindwa, chumvi imemlalia mpaka inatoa maji. Wanahama kabla ya Ramadhani. Anauliza kama sisi tutachukua duka lao na kilichomo, kwa bei ya kutupa. Alisema akiwa ameshika upindo wa kanga yake. Nimewahi kumchukia mwanamke huyu. Leo nilitamani kumpa maji.

Yunusi anang'aa. Maduka mawili! Ifakara nzima, chumvi ni yetu!

Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu kabla mama wa watu hajafika njiani. Seifu akiondoka hakuna wa kupitwa. Watakuja kwetu hata tukifuta. Vibaba sitini kwa siku, hela nne kila kimoja: mia mbili na arobaini. Tarakimu ni zile zile zilizoniokoa, safari hii zinasema fut—

Mama yuko nyuma yangu. Hajui kusoma, lakini kauliza, "Seifu akienda, mkamwana, utaendelea kujaza?"

Yunusi naye kageuka ananitazama. Mlangoni Verediana ameshatua kapu. Nimemwambia Mama nipe dakika, namalizia kuandika. Nimeshamaliza. Bado naandika.