Kumbe Sabuni Huoza

Mlango wa Pili,
Nyuma ya Kinyozi.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo mama. Hujambo wewe na mguu wako? Ule uvimbe umeshuka, au bado unakanyaga cherehani kwa mguu mmoja? Na baba mdogo je, kikohozi kimemwachia? Sisi huku wazima, namshukuru Mungu, ila safari hii neno "wazima" nimeliandika baada ya kufikiri mara mbili. Kinjiti wetu ametimiza miezi mitatu. Shavu la kushoto limeanza kushika nyama, la kulia linafuata taratibu.

Kabla sijaendelea: ile sabuni ya povu niliyokuelekeza kuitengeneza katika barua iliyopita, kama bado unayo, kaimwage. Inuka sasa hivi uimwage, kisha urudi usome. Nimekupigia simu tangu juzi hupatikani, ndiyo maana nimemwomba dereva wa lori la saruji akufikishie barua hii.

Umemwaga? Haya, keti nikusimulie, maana mimi mwenyewe bado sijakaa sawa.

Unakumbuka mtoto alipotoka hospitalini, mdogo hata nguo za mwanasesere zingempwaya. Muuguzi alituonya kuwa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake haguswi na mkono usionawa. Nawe ukaniletea ile chupa ya kubonyeza, inayotoa povu laini kama maziwa yaliyopigwa. Mbona watu walipenda kunawa! Hata baba yake, fundi baiskeli wangu mwenye grisi mpaka kwenye kope, alikuwa ananawa mara mbili ili abonyeze tena.

Ilipokwisha ndipo nikagundua kuwa povu lenyewe halina ajabu. Ni sabuni ya maji kidogo na maji mengi, kile kichwa cha chupa ndicho kinachotia hewa. Kipimo kimoja cha sabuni, vinne vya maji, unazungusha polepole bila kutikisa. Nikajiona mtaalamu! Kiburi kikanipanda mpaka puani, nikasema ya nini kutengeneza kichupa kimoja kimoja? Nikachota maji ya pipa, nikajaza dumu la lita tano, nikaliweka chini ya meza. Chupa ikiisha, namimina.

Jumatano baba yake akanawa, akanusa viganja. "Mke wangu, humu ndani kuna panya amefia?" Nikamcheka, nikamwambia anuse viatu vyake kwanza. Halafu nikanusa mimi. Mama mdogo, nilifungua lile dumu nikarudi nyuma hatua tatu. Harufu ya maji ya maua yaliyosahauliwa chupani. Nikaingiza kijiko, kikatoka na ute mrefu kama kamasi.

Sabuni! Sabuni imeoza! Najua mkate huoza, maziwa huoza, hata mbao huoza. Lakini sabuni, kitu chenyewe cha kutoa uchafu?

Wiki tatu nzima kila mkono uliomgusa mwanangu ulipakwa kwanza uozo ule, tena mimi ndiye niliyesimama mlangoni kama askari nikiwalazimisha watu. Nikamvua nguo, nikaona vipele viwili shingoni. Nikambeba mbio mpaka zahanati, mtoto kifuani, dumu mkononi, watu njiani wakinipisha kwa ile harufu.

Muuguzi, yule yule aliyetuonya, ambaye siku hizi yuko zahanati, alinusa akafunga kifuniko haraka. "Nani alikwambia sabuni haiozi?" Akanieleza kuwa sabuni ya maji ya dukani imetiwa dawa ya kuizuia isiharibike. Ukiizimua kwa maji mengi, dawa nayo inazimuka, na maji ya pipa yana wadudu wake. Itengenezwe kidogo, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, chupa ioshwe ikauke, na isikae zaidi ya wiki moja. Akampima Kinjiti joto, akamgeuza mbele na nyuma, akamweka kwenye mizani. Mimi nilikuwa nimefumba macho.

"Vipele vya joto tu hivi. Na kilo nne amefikisha. Fumbua macho, mama."

Nikalia mpaka akanipa kiti.

Lakini mshtuko mwenyewe ulikuwa unaningoja nyumbani. Nilimpigia magoti mama mkwe, maana yeye ndiye anayembeba mtoto kutwa nzima. Nikamwambia, "Mama, nilikuwa nakunawisha uchafu." Hata hakushtuka. Akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha sabuni ya mche kilicholika mpaka kikawa chembamba kama ulimi.

"Mimi lile povu lako nilikuwa nabonyeza kukufurahisha tu, mwanangu. Kitu kimejaa hewa, kitaondoa nini? Nikitoka hapo naenda bombani kunawa kweli."

Bombani! Mama mdogo, ni lile bomba la uani nililokuandikia! Si nilikwambia kwamba mama mkwe akigusa kitu changu hukimbilia nje kujisafisha, kwamba ananisusa, kwamba ana roho ya jiwe? Kumbe mikono ile ndiyo pekee iliyokuwa safi humu ndani, na ndiyo iliyomshika mwanangu kuliko hata yangu.

Nimemwomba radhi, ingawa hajui niliyoyaandika. Sasa tunatengeneza wote wawili, kichupa kimoja kimoja. Yeye anachemsha maji na kufunga uzi kwenye shingo ya chupa kila siku inayopita. Nyuzi zikifika saba anamwaga kilichobaki, hata nikimlilia. Na bado, akishapiga povu, naona mkono unakwenda mfukoni. Siku hizi namfuata bombani, tunagawana kipande.

Kwa hiyo mama, nina ombi la pili. Ukishamwaga sabuni, ile barua niliyomsema mama mkwe nayo ichane. Kinjiti akifikisha kilo sita tutakuja kwako na bibi yake, na sitaki aikute.

Msalimie baba mdogo, na mafundi wenzio wa cherehani, kama uliwafundisha kuitengeneza, uwaambie nao wamwage. Dada mkubwa mwambie nimekumbuka kicheko chake. Mungu auponye mguu wako, uje utupokee stendi umesimama.

Akupendaye kwa mikono iliyonawa kweli,
mwanao,
Mama Kinjiti.