Jiwe Lako Limekunywa Chai

Maabara ya Miamba,
Chumba Na. 4, ghorofa ya chini.
Jumatano, tarehe 9 Julai.

Mpendwa mdogo wangu Kiguu-na-njia,

Hujambo huko kambini? Yale mafua yamekwisha, au bado unalala na soksi mbili? Sisi huku tu wazima. Goti la mama limetulia, siku hizi anapanda ngazi bila kulalamika.

Picha uliyotuma, ile ukiwa umevaa kofia ngumu na kukanyaga mwamba, mama ameitundika sebuleni. Yangu ya mahafali imehamia koridoni, karibu na mita ya umeme. Kila mgeni anaambiwa unatafuta mafuta kwenye bonde ambalo halijachimbwa hata kisima kimoja. Mimi natambulishwa kuwa nafanya kazi ofisini.

Nina wivu, mdogo wangu, na sioni haya kuuandika. Sote wawili tuliomba nafasi hiyo, na fomu yako nilikujazia mimi. Wakakuchukua wewe. Mimi nikabaki kupima mawe unayoyatuma, yenye mwandiko uleule uliokuwa ukikupunguzia alama shuleni.

Sasa nikueleze la sampuli zako. Wakubwa walitaka kujua kama jiwe la mchanga la huko lina vitundu vya kutosha kushika mafuta, au limeziba. Vikiwa chini ya asilimia kumi ya jiwe, kambi yenu ingefungwa mwisho wa mwezi. Kazi yangu unaijua: nakausha kipande kwenye oveni, nakipima uzito, nakijaza maji, nakipima tena. Tofauti ya uzito ndiyo inayoonyesha ukubwa wa vitundu.

Nilipata asilimia sita. Moyo ukatulia tuli. Nikaandika ripoti chapuchapu, nikapiga mstari chini ya neno "limeziba", nikaenda nyumbani nikala nikashiba.

Ijumaa, ripoti ikiwa bado mezani kwangu, fundi wa msumeno, yule mzee anayekata mawe kikombe kikiwa mkononi, alidondosha tone la chai juu ya kipande chako kilichokaa dirishani tangu Jumatatu. Tone likapotea papo hapo.

"We dada, jiwe lililoziba linakunywa hivi? Ulilikausha siku ngapi?"

"Moja," nikasema.

"Na sisi huwa tunakausha ngapi?"

Tatu. Hata mwanafunzi anajua. Nilivipima vipande vyako vikiwa bado na unyevu ndani, ndiyo maana maji mapya yalikosa pa kuingia. Siwezi kukuapia kwamba nilisahau. Nilikuwa na haraka ya kukuona umeshindwa.

Mzee alimaliza chai yake akaenda kuwasha msumeno.

Nimevikausha upya vipande vyote kumi na viwili, siku tatu kamili. Ni asilimia ishirini na moja, na hewa inapita ndani yake kwa urahisi. Ripoti ya kwanza nimeichana. Mpya nimeipeleka kwa wakubwa mwenyewe leo asubuhi, jina lako likiwa juu ya langu. Kambi inabaki. Nimefurahi nusu, nusu nyingine bado naitafuta.

Mama, shangazi na baba mdogo wanakusalimu sana. Msalimie dereva wenu unayemsifu kila barua. Mungu akulinde huko juu ya miamba, akurudishe na mifupa yako yote.

Ukirudi usinishukuru. Nieleze tu mwamba huo unavyoonekana jua likiupiga, maana nimeushika vipande kumi na viwili na sijawahi kuuona.

Dada yako akupendaye, kinyongo na yote.