Dunia Yenye Nguo Nyingi

Jumatatu, 3 Machi
Mkurugenzi kaniita. Alhamisi Waziri wetu wa mambo ya nje anawahutubia mabalozi, na hotuba niandike mimi! Nikiipatia, mkataba wangu unaongezwa. Nikiikosea, mwisho wa mwezi nabeba kikombe changu nyumbani.

Hoja: dunia haina tena mkubwa mmoja, wakubwa wamekuwa wengi, nasi tutakuwa rafiki wa wote. Neno lake nimelitafuta mchana kutwa. Ncha nyingi? Kama msumeno. Kambi nyingi? Kama wakimbizi. Nimeamua: "dunia yenye nguzo nyingi". Nikajipongeza kwa chai ya pili.

Jumatano, 5 Machi
Nimechapa hotuba mezani, mke wangu pembeni akikunja nguo. Nikamsomea. Kasema anaona nchi inayotaka kula kwa kila jirani bila kuosha sahani hata moja. Nikamwambia diplomasia haiko hivyo. Kauliza: ikoje basi? Nikajifanya nina kazi.

Nimeituma bila kuipitia. Mtu wa kiwango changu!

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwisha. Herufi moja – z! Waziri kasoma kwa sauti nzito: "Tunaishi katika dunia yenye nguo nyingi." Balozi mmoja akaitazama suti yake. Mimi nikatazama viatu vyangu mpaka mwisho.

Ijumaa, 7 Machi
Magazeti yanaisifu "sera ya nguo nyingi": nchi yenye akili huvaa kulingana na mwenyeji wake. Waziri kasema nina fikra za kina. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu – mwongo mkubwa mimi. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Kumbe serikali inaongozwa na kapu lake la nguo.

Jumatatu, 10 Machi
Mkataba umeongezwa, miaka miwili. Nilifurahi kwa saa nzima.

Kisha wakaja wizarani mabalozi wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja kawekwa chumba chake. Nchi ya mmoja imemvamia jirani yake mdogo, mdogo kama sisi. Wa pili anataka kesho, Umoja wa Mataifa, tupige kura ya kuilaani. Waziri kaniuliza, bila utani: fundi, leo nivae ipi?

Nimeomba dakika tano. Naandika haya nikiwa chooni. Jibu ninalo, naona aibu kwamba ninalo: nguzo haivaliwi, Mheshimiwa, husimama. Lakini nikilisema, itabidi niseme na ile z ilipotea wapi.

Mkurugenzi anagonga mlango. Nimemjibu nakuja, bado navaa.