Mwisho Uliokatwa

Shuleni, Bungoma
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu mpendwa Ian,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla ya lolote uniambie kama kifua chako kimepona lile vumbi la unga. Mama alisisitiza nianze na swali hilo, kwa hivyo nimeanza nalo. Mimi ni mzima. Maharagwe ya shule ni yaleyale na wadudu wake ni walewale. Niko maktabani, na mwalimu wa zamu anadhani ninaandika insha. Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu ya ofisini mtu huongea matroni akiwa amesimama kando, na pia kwa sababu unanijua. Jambo zito likinifika mdomoni hukwama, lakini kwenye karatasi hutoka.

Kwanza, nimeipenda albamu yenu. Nasema hivi mapema ili usidhani barua hii imeandikwa na adui yake.

Zile siku za Aprili nilizokaa kwenu Kitale, katika kile chumba nyuma ya kinu cha posho, ulinisikilizisha albamu za Wazungu ambazo sikujua ziko duniani. Mtu anaimba polepole kwa gitaa kama aliyeketi mbele ya nyumba iliyoungua, kisha nyuma yake vyuma vinaanza kugongana, mashine zinanguruma, na hakuna anayekuja kumwokoa. Yule mwenzako Muigai alinicheka, ati nasoma maneno ya kwenye jalada kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Lakini mimi hupenda mahubiri ya siku za mwisho kuliko mengine yote, na sijawahi kumwambia mtu. Siku hiyo nilihisi nimepata jamaa zangu.

Mlipoanza kuunda yenu nilielewa mnatafuta nini. Hamkutaka mwisho wa dunia wa Wazungu, mlitaka wa kwetu. Ulilala kifudifudi katika shamba la Tongaren ukiwarekodi viwavi wakitafuna mahindi, hadi shangazi akatuma mtoto kuja kuona kama umeshikwa na malaria. Mlirekodi kinu, mkarekodi fundi akichomelea geti, na Muigai akapiga mabati kwa rungu mpaka jirani akauliza kama tunabomolewa nyumba. Nilicheka sana siku hiyo. Sasa sicheki tena ninapokumbuka hayo mabati.

Sijui kama Muigai amekuambia. Mimi niliambiwa na dada yake, Nyaruai, ambaye tunakaa dawati moja. Mwezi jana Muigai alikwenda kwao Kachibora na spika, akaucheza ule wimbo wa mabati kwa sauti kubwa ili asikie unavyotoka uwanjani. Mama yao, Nyambu, alikuwa anapalilia viazi. Aliposikia yale mabati, alitupa jembe akakimbilia ndani. Walimkuta amekwisha kufunga nguo na vyeti ndani ya leso, anawaita watoto kwa majina, hata yule aliyeolewa Nyeri. Unajua, miaka ile ya fujo za uchaguzi, mabati yakipigwa namna hiyo ilikuwa ishara ya kwamba kimbieni, wanakuja. Muigai alizima, akamwambia ni ngoma tu, Mama, ni muziki. Mama Nyambu alimuuliza, muziki wa nani? Nyaruai anasema kaka yake alikaa kwenye ngazi akalia kama mtoto. Nguo zilirudishwa kabatini, lakini leso ile bado iko mlangoni, imekunjwa.

Nilidhani hilo ndilo baya kuliko yote. Kisha tukapewa likizo fupi ya katikati ya muhula, nikaenda nyumbani Sirisia.

Nikukumbushe kwanza ile hotuba ya baada ya mazishi, ile kumuse ya Tongaren, kwa sababu nafikiri umeisahau, au unaikumbuka kwa njia nyingine. Mimi nilikuwa mdogo. Mzee wa ukoo alikuwa amezikwa, na Kuka, babu yetu, ndiye aliyekuwa omuswali, mzee wa kuwasemea walioachwa. Watu waliketi chini pande mbili, naye akatembea katikati na kofia yake na fimbo yake, akitaja waliotangulia na kuonya juu ya yanayokuja. Hakuna aliyeruhusiwa kuinuka wala kupita mbele yake. Nami nilikuwa nimebanwa na mkojo. Mama alinikandamiza bega, akaninong'oneza kwamba hata ikibidi nijikojolee, nitajikojolea nikiwa nimeketi. Ndiyo maana nakumbuka vizuri zaidi yale maneno ya mwisho kabisa, maneno ya kuwaachilia watu. Sauti ya Kuka ikawa laini ghafla, kama mtu anayeamsha mgonjwa. Watu wote walishusha pumzi kwa pamoja, wakainuka, nami nikakimbia.

Sasa turudi kwa wimbo wako wa "Wameketi."

Nakumbuka ulivyonisimulia jinsi ulivyoipata ile sauti. Ulimwomba Kuka aseme maneno machache kwenye simu, akakuuliza nani amekufa. Ukamjibu kwa utani, "Dunia, Kuka. Dunia ndiyo imekufa." Kesho yake baada ya chakula Kuka alivaa kofia, akakuambia upange viti pande mbili uani, kisha akatembea katikati ya viti vitupu na kusema kumuse nzima. Wewe ulikuwa umeificha simu kwenye ghala la mahindi. Ulisema umemweza mzee, bana, amefanya mazoezi bila kujua. Baadaye ukapunguza kasi ya sauti yake, ukaweka kinu chini yake, ukaizungusha ili ikifika karibu na mwisho ianze upya. Nilipokuuliza kwa nini umeyakata yale maneno ya kuwaachilia watu, ulisema ni laini mno, yanaharibu ile hofu.

Na kweli hofu ilibaki. Ni wimbo mzuri, Ian. Hilo ndilo linalonitisha.

Ulimtumia Kevin. Najua ulitaka tu binamu yetu ajivunie. Lakini unajua ile spika aliyofunga kwenye pikipiki yake. Siku ya soko Sirisia nilikuwa na Mama tukichagua nyanya. Kevin akaegesha mbele ya duka la dawa za mifugo, akawasha, huku akiwatania wenzake wa boda, ati sikizeni ngoma ya msomi, ngoma ya kufukuza wateja. Kinu kikaanza kunguruma. Vijana wakacheka. Kisha sauti ya Kuka ikaingia.

Kukhu Phelista, yule bibi mzee wa mboga anayetupaga limau la ziada, aliweka chini fungu la sukuma alilokuwa amelishika, akaketi ardhini. Hakuuliza kitu. Halafu mzee wa ng'ombe akaketi, na fimbo yake juu ya magoti. Halafu wengine, wazee kwa wazee, pale kwenye tope katikati ya wanunuzi. Miili yao ilijua la kufanya. Vijana waliacha kucheka mmoja mmoja. Sauti ilikwenda ikakaribia mwisho, nikaona mabega ya Kukhu Phelista yakijiandaa kuinuka. Ikaanza upya. Ikakaribia tena, ikaanza upya. Mtoto wake alijaribu kumwinua, akakataa kwa macho. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwa Kevin. Nilitaka kumwambia azime, nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Mama ndiye aliyefika na kuung'oa ule waya.

Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko wimbo. Wale wazee hawakuinuka. Waliachwa katikati. Baadaye mmoja mmoja aliinuliwa na watu wake, bila kutazamana, na soko likafungwa mapema.

Baba Mdogo Wangila alikupigia, najua, na najua ulikata simu. Anasema kumuse imesemwa mahali pasipo na maiti, na sasa inatembea ikimtafuta mwenyewe. Anasema usikanyage boma mpaka wazee waketi nawe. Nyumbani watu wameanza kuongea polepole. Viwavi wamefika hadi shamba la mtoni na Baba Mdogo amewahesabu kuwa ni jambo lilelile, ingawa mimi nilimsikia bwana shamba akisema wako kila mahali mwaka huu.

Kesho yake Kukhu Phelista alifika kwetu, amevaa nguo za kanisani. Alimwuliza Kuka mambo mawili tu: amekufa nani, na ataambiwa lini ainuke. Kuka aliagiza kofia yake, nikamletea. Alisimama ili amwachilie. Kaka, alifungua mdomo na hakuna kilichotoka isipokuwa kikohozi, kirefu, mpaka akashika nguzo ya baraza. Kukhu alimtazama akiwa ameketi, kisha akasema basi atangoja, akaondoka.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike. Kuka alinizuia kumwambia Mama au Baba Mdogo, lakini wewe hakukutaja, na nadhani aliacha mlango huo wazi makusudi.

Hukumweza mzee, Ian. Aliiona simu. Aliniambia ulikuwa umeifunika na gunzi moja kama mtu anayeficha ng'ombe nyuma ya kijiti. Mwezi wa Machi, alipotuaga kwamba anakwenda Bungoma kununua miwani, alikwenda hospitali, na daktari akamweleza kwamba uvimbe ulio kooni hautibiki tena, na kwamba sauti ndiyo itakayotangulia. Yule omuswali wa Chwele waliyekubaliana naye kusemeana, atakayebaki amsemee mwenzake, alikufa mwaka jana. Waliosalia, asema Kuka, wanasoma kwenye karatasi. Basi ulipofika na simu yako na kumwambia kwamba dunia ndiyo imekufa, alijisemea kwamba mtoto huyu amejibu asichokijua. Alitembea katikati ya viti vile akijisemea mwenyewe. Ile ni kumuse yake. Na alipofika mwisho aligeuka akatazama ghala, akayasema yale maneno ya kuachilia kwa sauti yake yote, ili simu iyachukue vizuri.

Hayo ndiyo uliyoyakata.

Nilimpa hedifoni ausikie wimbo. Mwanzoni alitabasamu, akauliza kama hicho ni kinu cha Kitale, akasema mkanda wake umelegea. Kisha akasikiliza ikizunguka, ikizunguka. Alipozivua aliniambia hajakasirika. Alisema wimbo umeuona mwisho wa dunia vizuri, lakini umewafungia watu ndani yake. Hataki uufute, anataka uurudishie mwisho wake. Na siku yake ikifika, anataka sauti yote ichezwe uani, hata kinu kikiwemo, na watu waachiliwe, Kukhu Phelista akiwa wa kwanza. Hajasema ni lini. Amesema tu kwamba mahindi haya atayavuna mwingine.

Tafadhali niambie hujaifuta ile rekodi nzima. Tafuta kwenye kompyuta, tafuta kwenye ile simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, mwulize Muigai. Najua huwa unafuta vitu ili upate nafasi. Tangu nirudi shuleni wazo hilo hunijia hata katikati ya somo la hesabu.

Kwa maana Kuka naye amefikiria hilo. Siku mbili za mwisho za likizo aliniita nyuma ya ghala, akanifundisha maneno ya kuachilia kwa kunong'ona, kwa sauti ile iliyobaki. Nilimwambia mimi ni msichana. Alinijibu kwamba analijua hilo tangu nizaliwe. Nikamwambia mimi mwalimu akinitaja tu jina huinamia kitabu. Akasema ndiyo maana nayashika maneno vizuri, siyamwagi hovyo. Nimeyashika yote. Sijayaandika popote na sitayaandika hapa. Usipofika na ile sauti, nitasimama mimi mbele ya Baba Mdogo Wangila na wazee wa ukoo, nami sijui watanifanya nini, na sijui kama mdomo wangu utafunguka au utafanya kama ulivyofanya sokoni. Ninaogopa, kaka. Lakini nimekubali.

Msalimie Muigai, umwambie Nyaruai anamwombea na kwamba aende nyumbani, lakini aende bila spika. Mama anakusalimu na anasema uache kulala karibu na mashine. Kengele ya chakula imelia na huyu mwalimu ameanza kunitazama, kwa hivyo nakuachia hapa, nikikuombea afya njema na safari salama.

Njoo na sauti yote, Ian. Watu bado wameketi.

Ni mimi dada yako mdogo akupendaye,
Nabwile