Kreti Niliyoikisia kwa Mguu

Chumba cha nyuma, karibu na ghala la zamani,
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa mjukuu wangu,

Nina miaka themanini na moja. Nimemzika bibi yako, nimewazika mameneja wanne, na ghala lenyewe limefungwa mimi bado natafuna kwa meno yangu. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila magoti yananigomea, na nyumba imekuwa kimya mpaka nikikohoa najishtua mwenyewe.

Barua yako nimeisoma siku tatu, maana herufi zako na macho yangu hayaelewani. Nimeelewa hivi. Kompyuta yako inakisia uzito wa viini vya atomu. Ilifundishwa kwa viini vilivyokwisha kupimwa, na kwenye hivyo haikosei sana. Sasa kwa vile ambavyo hajavipima mtu, wewe umeweka kosa dogo lile lile. Mwalimu wako amekataa. Anataka useme inaweza kukosea zaidi, la sivyo hakupitishi. Nawe umegoma, kwa sababu mimi nilikuandikia: taja namba yako, usiyumbe, kama babu yako.

Hapo nilikupotosha.

Ni kweli pale ghalani gunia la nafaka nililipima kwa mikono, mizani ikanifuata nyuma kunikubali. Miaka thelathini na nane. Hakuna aliyenifikia, na mpaka leo hayupo.

Ila siku moja ililetwa kreti ya vyuma, ndogo tu, aina ambayo nilikuwa sijawahi kuishika. Kuli wetu, tuliyemwita Mrefu, akasema, "Mzee, mizani hiyo hapo, tuipime."

Nikamjibu, "Mizani ni ya wasio na mikono."

Nikaisukuma kidogo kwa mguu, nikasema kilo themanini, tumieni kamba nyembamba kuinyanyua. Kumbe mia mbili na kumi. Kamba ikakatika, kreti ikamwangukia Mrefu mguuni.

Nilisema kamba ilioza. Hata bibi yako nilimwambia hivyo. Kamba ilikuwa mpya.

Mikono yangu ilijua magunia, haikujua vyuma, nami nilitaja kilo kwa sauti ile ile. Basi msikilize mwalimu. Kadiri unavyokwenda mbali na vilivyopimwa, panua nafasi ya kosa. Nilitaka ushinde useme umefundishwa na babu, maana huku hakuna tena wa kunisifu. Hiyo ni shida yangu, isikuangushe wewe.

Nisalimie mama yako mkiongea kwa simu, na shangazi yako mshonaji. Mungu akupe macho ya kuona pale usipojua.

Ni mimi babu yako, nisiyechoka kukupenda.

Wa kunithibitishia haya ni Mrefu mwenyewe. Anakaa mtaa wa pili, anatembelea gongo. Jana, nilipomaliza kuandika, nilikwenda nikamsomea barua hii yote. Alisogea kwenye benchi, nikapata pa kukaa.