Mtoto wa Espérance alikuwa Minago

Rumonge, Alhamisi. Mvua imekatika saa nne na joto limerudi palepale. Naandika haraka, nisamehewe nikiandika ovyo.

Kazi yangu ni kusajili waliopotezana kwa sababu ya vita. Hapa tunaandika wazazi wanaotafuta watoto. Ofisi yetu ya Minago inaandika watoto waliookotwa peke yao. Orodha yetu ilikaa kwenye programu ya kulipia, yenye leseni ya mashine moja tu, kwa hiyo Minago walitunza orodha yao wenyewe na kututumia karatasi. Barabara ikifungwa kwa risasi, karatasi hazikuja.

Niliipenda programu ile. Ripoti zake safi, kitabu chake cha Kifaransa, na ikigoma kuna fundi Bujumbura wa kumpigia simu.

Mwaka jana mwenzangu Bahati, Mkongomani wa Uvira, alileta MySQL, programu ya bure ya kutunza orodha, kwenye CD. Skrini nyeusi, amri unaandika mwenyewe, fundi hakuna. Nilimwambia kitu cha bure hakitunzi majina ya watu. CD ikalala kwenye droo yangu.

Wiki hii leseni imekwisha. Bahati akaniomba tulinganishe tu orodha zetu mbili. Akaiweka MySQL kwenye mashine yetu na kuhamishia humo majina yetu, akaenda kuiweka Minago pia, maana haiulizi leseni. Leo amerudi na majina ya huko kwenye disketi. Tukayaunganisha, akaiuliza programu swali moja: ni watoto gani ambao jina la mama na kijiji chao viko pia kwenye orodha ya wazazi wanaotafuta?

Nilitegemea patupu.

Yakatoka majina saba. La tatu: Chantal, miaka minane, mama yake Espérance wa Gatete.

Espérance anauza mawese mlangoni petu. Kila Jumatatu huniuliza, na kila Jumatatu nimemjibu hakuna, baada ya kutazama orodha ambayo mtoto wake asingeweza kuwemo.

Tulitoka wote wawili kumwambia. Bahati ndiye aliyesema. Espérance hakulia. Alinitazama mimi.

"Kumbe mutoto iko hapo Minago tu? Tangu lini?"

Nikamjibu ukweli. Tangu mwaka jana.

Kesho asubuhi, barabara ikiwa wazi, nitampeleka mwenyewe. Njiani lazima nimweleze habari ya ile droo.

Nitaanzia wapi?